Mchezo Usio na Kwapa

Mchezo ule ulikuwa wangu. Haukuwa wa mtoto wa dada yangu, wala haukuingia kwenye kompyuta wenyewe kama kunguni waingiavyo kitandani. Niliutamani mimi, nikautafutia pesa mimi, nikaucheza mimi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu mwenye shahada ya ualimu na cheo cha mwalimu wa nidhamu. Kwa miaka mingi nilikana. Nilimkania dada yangu, nikakana mbele ya kina mama wa chama, nikakana hata kwa daktari wa macho aliyeniuliza kama huwa nakaa sana mbele ya kompyuta. Nilimwambia nasahihisha insha.

Ningeendelea kukana hadi kaburini, kwa sababu jambo lenyewe ni dogo hadi linachekesha: mchezo wa kuoka keki. Lakini kukana kwangu kulimchafulia jina mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa mfanyabiashara. Mfanyabiashara wa mji mdogo hana kitu kingine cha kuuza. Akishapoteza jina, vinavyobaki dukani ni mbao na mabati.

Nilikutana naye Kajiado katika miaka ya tisini. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu moja kwa moja, nikapelekwa huko kufundisha, na viatu vyangu vilikuwa havijui vumbi. Yeye aliuza mitumba siku ya soko. Alikuwa Mkamba aliyefuata mume, mume akafuata kazi kwingine, naye akabaki na turubai, fungu la nguo, na sauti iliyofika hadi upande wa mbuzi. Tulikuwa rika moja. Aliniita Mwalimu tangu siku ya kwanza, nami nilimwita Mama Nguo kama walivyomwita wote.

Kwake kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Ungechukua nguo ukaenda nayo nyumbani, ukaivaa mbele ya kioo chako, ukauliza watu wako, na isipokufaa ukairudisha siku ya soko iliyofuata. Hakukuuliza sababu. Aliigeuza ndani nje, akaipeleka puani, akanusa kwapa. Kama haikunuka kitu, alikurudishia pesa yako bila kununa. Kama ilinuka mtu, aliikunja vizuri, tena kwa heshima, akakuwekea mikononi.

"Hii umeshaishi ndani yake," angesema. "Endelea kuishi."

Kuna dada mmoja alichukua blauzi ya hariri, akaivaa kwenye harusi Isinya, akaifua kwa sabuni ya kunukia, akaipiga pasi na kuirudisha akidai kwamba mikono ilimbana. Mama Nguo aliinusa, akamtazama, akainusa tena.

"Mama, mimi sikukuuzia ikiwa safi hivi," akasema, na soko zima lilicheka mpaka yule dada akaivaa blauzi yake juu ya nguo nyingine, akaenda zake.

Mimi mwenyewe nilirudisha sketi moja mara tatu. Kila mara niliipeleka nyumbani nikiwa na uhakika, na kila mara kioo kilinikatisha tamaa. Mara ya tatu aliicheka ile sketi, siyo mimi. "Mwalimu, hii sketi imekuzoea kuliko bwana yako. Weka tu, hautanilipa." Niliiweka. Nililipa baadaye kwa sababu nilikuwa na kiburi, lakini sijasahau kwamba alinuia kunipa.

Nasimulia haya ili ijulikane nilimjua. Nilipokuja kusema niliyoyasema juu yake, sikuwa nasema juu ya mgeni.

Miaka ya elfu mbili ilipoanza, Kitengela ilikuwa inaota nyumba kama uyoga baada ya mvua. Malori ya mawe yalipita mchana kutwa, na watu wa Nairobi walikuja kutafuta kodi nafuu na hewa, wakapata kodi. Niliomba uhamisho nikahamia huko, kwa sababu mume wangu alipata kazi mjini. Mwaka uliofuata alihamishiwa Kisumu. Alikuja nyumbani kila mwisho wa mwezi, kisha kila mwisho wa muhula, kisha akawa anapiga simu. Sitasema zaidi ya hapo juu yake. Nataka tu msomaji aelewe ni kwa nini mtu mzima anaweza kupenda mahali penye viti vilivyojaa watu na mngurumo wa mashine.

Mahali penyewe palikuwa pa Mama Nguo. Alikuwa ameuza turubai na mtaji wake wa mwisho wa mitumba, akafungua saiba, duka la kompyuta na intaneti za kulipia kwa dakika, kando ya barabara ya Namanga, karibu na duka la misumari na saruji. Kompyuta sita zilizotumika Ulaya, mashine moja ya kuchapisha, feni iliyosukuma vumbi kutoka kona moja hadi nyingine. Ukutani alichoresha kwa rangi nyekundu: KILICHOFUNGULIWA HAKIRUDISHWI.

Nilimtania siku ile ile ya kwanza. "Na kunusa kuliishia wapi?"

"Mwalimu, nitanusa nini?" alijibu huku akipangusa kibodi. "Nguo iko na kwapa. Hii mambo ya kompyuta haina kwapa. Mtu akishafungua, amefungua. Nitajuaje kama ameishi ndani?"

Nilicheka. Hata leo sijapata mtu aliyelieleza jambo hili vizuri zaidi.

Lazima sasa niseme nilikuwa nani shuleni. Mwalimu wa nidhamu katika mji unaokua ana maadui wapya kila muhula, na muhula ule adui wangu alikuwa michezo ya video. Vijana walitoroka masomo ya mchana wakaenda vibandani kushika vidude vya kuchezea mpira kwenye televisheni. Siku ya wazazi nilisimama nikasema kwamba mchezo wa kompyuta ni pombe isiyonuka. Nilipigiwa makofi. Mzazi mmoja alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Kwa nguvu ya makofi yale kibanda kimoja karibu na lango letu kilifungwa na chifu, na kijana aliyekimiliki alirudi kwao. Nilijisikia kama mtu aliyemaliza malaria.

Miezi michache baadaye nilikwenda saiba kuchapa mtihani wa muhula. Nilikaa kwenye mashine ya nne, iliyokuwa nyuma ya nguzo. Intaneti ilikuwa imelala, kama kawaida yake, na mteja aliyekaa pale kabla yangu alikuwa ameacha mchezo umefunguka. Mwanamke mfupi mwenye aproni anaendesha duka la keki. Wateja wanaingia, wanaagiza, na kila mmoja ana mioyo mitatu juu ya kichwa. Ukimchelewesha, mioyo inapungua, uso unakuwa mwekundu. Ukiona anataka kuondoka, unabonyeza kitufe fulani, unamrudishia pesa yake, naye anatabasamu na kesho anarudi.

Nilikusudia kuufunga. Badala yake nilimhudumia mzee mmoja mwenye kofia, halafu mama mwenye mapacha. Mtihani haukuchapwa siku ile.

Mchezo ulikuwa wa kuonja. Uliruhusiwa saa moja tu, kisha ulijifunga na kukutaka ununue nambari ya kuufungulia. Walijua kazi yao watu wale. Saa yangu iliisha wakati tanuri imejaa na foleni imefika mlangoni, na mzee wa kofia amebaki na moyo mmoja. Nilibaki nimekodolea maandishi ya Kiingereza yaliyoniomba kwa upole nitoe kadi ya benki.

Kadi inayokubalika ng'ambo sikuwa nayo, na Kitengela yote sidhani ungepata wengi waliokuwa nayo. Lakini Mama Nguo alikuwa na shemeji Nairobi aliyefanya kazi ya mizigo na aliyekuwa na kadi kama hiyo. Nilikwenda kwake pale mezani. Nilikuwa nimejiandaa kusema ukweli, nadhani. Nilipofungua mdomo, ulitoka uongo umeshavaa viatu.

"Kuna mchezo wa kuelimisha ninataka kumnunulia mtoto wa dada yangu, yule wa Kajiado," nikasema. "Wa hesabu hesabu."

"Wa hesabu?" akauliza.

"Wa biashara. Kununua na kuuza."

"Hiyo ni mzuri," akasema kwa moyo wote. "Ajue mapema."

Bei ilikaribia ya magunia mawili ya mkaa. Nilimpa pesa, akamtumia shemeji, shemeji akanunua, na baada ya siku kadhaa nambari ikaja kwa barua pepe. Tuliiandika pamoja kwenye mashine ya nne, kwa sababu ndipo mchezo ulipokuwa. Kabla ya kufunguka ulileta ukurasa mrefu wa masharti. Mimi ambaye nilifundisha ufahamu kwa mishahara ya serikali, niliyewachapa watoto kwa kujibu maswali kabla ya kusoma kifungu, nilishuka hadi chini bila kusoma hata mstari, nikabonyeza pale penye "Nakubali". Kulikuwa na mzee mwenye kofia ananisubiri.

Mchezo ulifunguka. Nikaunakili kwenye flashi, nikaibeba kwenye pochi kama mtu aliyebeba dhahabu, nikaenda nayo nyumbani kwenye kompyuta kuukuu niliyonunua kwa mwalimu mwenzangu. Nikaandika nambari. Ikakataa. Nikaiandika tena polepole, nikiisoma kwa sauti. Ikaniambia kwamba nambari hiyo imeshatumika kwenye mashine nyingine.

Ndiyo maana ya ukurasa ule mrefu. Ulinunua mchezo kwa mashine moja tu, ile ya kwanza uliyoufungulia. Waliotunga sharti lile walikuwa watu ambao kila mmoja ana kompyuta yake na intaneti yake chini ya paa lake. Haikuwapitia akilini kwamba kuna mahali ambapo intaneti iko kwa Mama Nguo na kompyuta yako iko nyumbani, na kwamba mtu atafungulia mzigo sokoni kisha aubebe.

Kesho yake nilikuwa saiba kabla hajamaliza kufagia.

"Ule mchezo haufanyi kazi kwa mtoto," nikamwambia. "Nataka unirudishie pesa."

"Imeharibika?"

"Imejifunga kwenye mashine yako."

Alikuja akaangalia, akafungua mchezo, ukacheza muziki wake wa duka. "Lakini iko sawa, Mwalimu. Si hii inaimba?"

"Inaimba hapa. Mimi sikuununua uimbe hapa."

Aliweka ufagio ukutani, chini ya yale maandishi mekundu, nami nilijua anayafikiria. Nakiri kwamba hakuyanyooshea kidole. "Pesa sina mimi," akasema. "Pesa ilienda kwa shemeji, kwa shemeji ikaenda kwa wazungu. Mimi nilikuwa mlango tu. Lakini nitakwambia kitu. Mlete huyo mtoto Jumamosi. Acheze hapo bure mpaka achoke. Sitamhesabia dakika hata moja. Stima ni yangu, kiti ni changu. Hiyo si haki?"

Ilikuwa haki. Nimesoma tangu wakati huo mengi juu ya haki za mnunuzi, na sijaona fidia ya kiungwana kuliko ile. Kasoro yake ilikuwa moja: mtoto hakuwa anataka mchezo, na aliyeutaka hangeweza kuketi pale Jumamosi mbele ya nusu ya kidato cha pili.

"Ana kifua," nikasema. "Vumbi la Kitengela litamuua."

"Maskini! Kifua cha pumu?"

"Cha pumu."

Wiki ile ile alinipa chupa ya asali kutoka kwao Kitui, aliyoifunga kwa gazeti, nimpelekee mtoto. Niliipaka kwenye mkate wangu asubuhi hadi ikaisha. Ilikuwa asali nzuri sana.

Basi nikaanza maisha ya kipumbavu kuliko yote niliyowahi kuishi. Alasiri baada ya masomo nilikwenda saiba na bahasha ya insha, nikaketi mashine ya nne nyuma ya nguzo, nikalipa kwa dakika kama mteja yeyote, nikacheza mchezo ambao nilikuwa nimeshaununua. Mtu akipita nyuma yangu nilifunua ukurasa wa mtihani. Fikiria mtu aliyenunua ng'ombe, akanyimwa kumtoa kwenye zizi la muuzaji, kisha kila jioni anapiga foleni na kibuyu anunue maziwa yake. Mtu huyo ungemwita mjinga, na hata ukimwonea huruma ungetaka kujua kwa nini hasemi. Mimi sikusema kwa sababu ng'ombe mwenyewe nilikuwa nimemwita pombe isiyonuka.

Uchungu wangu ungekaa hapo kama si madereva wa malori. Walipokuwa wakisubiri mizigo, waliingia saiba kupumzika chini ya feni, na mmoja wao aligundua duka la keki. Siku moja nilikuta mashine ya nne ina mtu: mwanamume mpana, mikono imepauka kwa unga wa mawe, amekunja uso kama anakata kona ya hatari.

"Sopa, Madam," akanisalimu Kimaasai bila kugeuka.

"Ipa. Utamaliza saa ngapi?"

"Ngoja kidogo, nitoe hii keki isiungue." Aliitoa. Mwenzake aliyesimama nyuma alimpiga bega kwa furaha. "Unajua, Madam, kuna mtu anatunyanyasa hapa," yule mpana akaendelea. "Kila tukija tunakuta ameacha alama nyingi mpaka juu. Hatujui ni nani. Lazima ni kijana wa chuo."

"Ama mzungu," mwenzake akasema. "Anaingilia kwa waya."

Kwa dakika moja nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote Kitengela, na hakuna mtu niliyeweza kumwambia. Kisha nikamwona Mama Nguo pale mezani akipokea pesa ya dakika zao, na furaha ikageuka nyongo.

"Unawakodisha mchezo wa mtoto," nikamwambia.

"Mtoto mwenyewe yuko wapi? Nilikwambia umlete."

"Niliulipia mimi."

"Mashine nililipia mimi. Nikiuondoa utasema nimeharibu mali yako. Nikiuacha watu watabonyeza. Mwalimu, unataka nifanye nini? Niuwekee kufuli?"

Swali lilikuwa la kweli na alisubiri jibu. Jibu nililokuwa nalo lilikuwa maneno mawili tu, ni wangu, na maneno hayo yangeturudisha sote kwenye akili zetu. Angecheka kwanza, angecheka mpaka afunge duka. Kisha angeniwekea saa moja kila alasiri nyuma ya nguzo, bure, na siri yangu ingezikwa naye. Namjua. Nilichukua bahasha yangu nikaondoka.

Chama chetu cha kuweka akiba kilikutana kwa mmoja wa kina mama wa kanisa. Mama Nguo hakuwa mwanachama, lakini nusu ya kina mama wale walichapishia kwake kadi za mazishi, za harusi na ratiba za kwaya. Baada ya chai mazungumzo yalifika kwenye ughali wa maisha, na mtu akalalamika juu ya fundi aliyemuuzia redio mbovu. Nikaweka kikombe chini.

"Afadhali huyo wa redio," nikasema. "Kuna wengine hapa hapa barabarani wanakuuzia kitu, kisha wanakikodisha kwa wengine kana kwamba bado ni chao. Unalipia, na wao wanakula mara ya pili."

"Nani huyo?" mwenye nyumba akauliza.

"Sitaji mtu."

"Kitu gani?"

"Kitu cha kompyuta," nikasema, nikachukua andazi.

Saiba zilikuwa mbili mjini, na ya pili ilikuwa ya mchungaji msaidizi. Hakuna aliyehitaji ramani.

Sikutumia neno mwizi. Nilijivunia hilo kwa muda mrefu, kama vile mtu aliyewasha kiberiti anavyojivunia kwamba hakugusa nyasi. Neno lilijitokeza lenyewe njiani. Mwezi haukuisha kabla ratiba za kwaya hazijahamia kwa mchungaji msaidizi. Kadi za harusi zikafuata. Nilipopita barabarani niliona mashine tano zimezimwa mchana na Mama Nguo amekaa mlangoni, mikono imekunjwa. Sauti ile iliyofika upande wa mbuzi sikuisikia tena.

Alikuja shuleni. Alinisubiri langoni, amevaa nguo ya kanisani siku ya kazi, na askari wa lango alimpa kiti lakini hakukaa.

"Mwalimu, umesema mimi ni mwizi?"

"Mimi sikutaja jina."

"Ulitaja kompyuta." Hakupandisha sauti. "Mimi nimeuza nguo Kajiado miaka yote ile. Watu walirudisha, nikanusa, nikarudisha pesa. Hakuna mtu amewahi kuniita hivyo. Hata yule wa blauzi hakuniita hivyo."

"Basi nirudishie pesa, yaishe."

"Nikikupa kutoka mfukoni watasema nimekubali niliiba." Alikuwa amelifikiria jambo lile kuliko nilivyodhani. "Nitaandikia hao wazungu. Ni wao walikula. Wakirudisha, nitaibandika hiyo barua yao pale mlangoni, kila mtu asome. Mimi sitaki pesa yako, nataka watu wasome."

"Hawajibu watu kama sisi," nikasema. Nilikuwa na hakika. Mtu aliyesoma ana hakika na mambo mengi.

Muhula ulipita. Sikuingia tena saiba. Nilisikia kwamba ameuza kompyuta mbili, na kwamba anafikiria kurudi kwenye mitumba, safari hii Kiserian, ambako hakujulikana. Shuleni niliendelea na vita vyangu. Nyumbani ile kompyuta kuukuu niliifunika kitambaa cha kufuma, kama watu wafunikavyo kioo penye msiba. Wakati mwingine nilijiambia kwamba kosa ni la kampuni, na ukweli ni kwamba kosa lilikuwa la kampuni. Muuzaji ambaye hajawahi kukuona anaweza kuandika sharti lolote, kwa kuwa hatakutana nawe kisimani. Nilikuwa na haki. Ningeweza kuandika kurasa kumi juu ya haki yangu, zenye marejeo chini. Haki ile ilikuwa na mlango mmoja tu wa kuingilia, na mlangoni palikuwa na jina langu.

Simu ilikuja wakati wa chai ya saa nne. Chumba cha walimu kilikuwa kimejaa. Naibu mkuu wa shule alikuwa amekaa mkono wangu wa kulia, anatusomea kwa sauti orodha ya vibanda vya michezo ambavyo wazazi walitaka vifungwe, na alikuwa amenisifu kwa hilo muda mfupi tu kabla. Nilitoa simu mkobani nikaona nambari ya Mama Nguo. Sijui kwa nini niliipokea. Labda nilidhani ameniita nimuombe radhi.

"Mwalimu! Wamejibu!" Sauti yake ilikuwa imerudi, ile ya sokoni, nami nikaibana simu sikioni ili isivuje. "Niliandika mara nyingi mpaka wakajibu. Wanasema ukweli ni kwamba hawakujua watu hufungulia saiba. Watarudisha pesa yote, na barua watatoa. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Wanataka kitu kimoja tu. Mwenye mchezo awaandikie mstari mmoja, jina lake, aseme ni wake. Sasa mimi nikasema ni mtoto, kwa hiyo ni mama yake. Nikatafuta dada yako, nikapata nambari yake Kajiado kwa watu wa soko. Nimetoka kuongea naye sasa hivi. Anasema mtoto hana kifua. Anasema anakimbia kama swara. Anasema hawana kompyuta hata ya kuchorwa."

Naibu mkuu alisita kusoma, akanitazama juu ya miwani, akanisubiri kwa adabu nimalize. Walimu wengine nao wakanyamaza kwa sababu yeye amenyamaza.

"Nimekaa hapa nikafikiria," Mama Nguo akasema, na sasa alikuwa ameshusha sauti kama mtu anayefunga mlango nyuma yake. "Zile insha. Ile nguzo. Mwalimu, mimi sicheki. Kila mtu ana kitu chake. Sema tu 'ni wangu', nitaandika mimi mwenyewe, jina lako kwa hiyo barua nitalifunika na karatasi kabla sijabandika. Hakuna mtu atajua. Mimi nataka tu hiyo barua. Sema."

Nilikuwa na kikombe mkononi. Maneno yalikuwa mawili.

"Samahani," nikasema kwa sauti ya chumba kizima, "nadhani umekosea nambari."

Lori lilipita upande wake wa barabara.

"Aa," akasema. "Basi pole kwa usumbufu, Madam." Akakata yeye.